Acheni Kutumia Madonda ya Watakatifu Kutuambia Tuvumilie

Kwa shosho yangu kuna picha tatu ukutani. Ya kwanza ni ya harusi yake. Ya pili ni kalenda ya parokia iliyokwama mwaka wa 2016. Ya tatu ni mzee wa ndevu nyeupe, amevaa glavu za kahawia zilizokatwa vidole. Nikiwa mdogo nilidhani huyo mzee anauza makaa, ndio maana hataki kuchafua mikono. Baadaye nikaambiwa ni Padre Pio, na chini ya hizo glavu kuna madonda ya Yesu.

Miaka miwili iliyopita shosho alipata kidonda kwa mguu. Ana sukari, na wenye mgonjwa wa sukari nyumbani wanajua kidonda cha mguu si mchezo. Wamama wa jumuiya walikuja wakasali, wakaleta chai na mandazi, hapo sina neno nao. Lakini mmoja wao, tena yule ambaye wengine wote humsikiliza, alimwambia: "Usilalamike, mama. Padre Pio alibeba zake miaka hamsini. Mungu amekuchagua."

Shosho akaamini. Akaacha kulalamika, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Hakutuambia kidonda kimeanza kunuka. Tulipomfikisha hospitali, daktari alisema tungekuja mapema mguu ungebaki. Ulikatwa chini ya goti. Karo yangu ya muhula huo iliingia kwa bili, na chuo sijarudi mpaka leo. Ya chuo simlaumu mtu. Ya mguu nalaumu ile sentensi: Mungu amekuchagua.

Sasa kila Septemba, sikukuu za Fransisko na Padre Pio zikifika, simu zetu zinajaa picha za mikono inayotoka damu. Halafu vita vinaanza. Timu ya kwanza: muujiza huo, lia na useme amina. Timu ya pili: feki hiyo, amkeni. Wanatukanana wiki nzima kisha kila mtu anarudi kwa mambo yake. Mimi nasema timu zote mbili zinapigania swali ambalo halikumsaidia shosho hata kidogo. Swali langu ni lingine: hizo alama zinatumiwa kumwambia nani afanye nini? Na je, wenye alama wenyewe walisema hivyo?

Nimesoma. Sikusomea darasani, lakini nimesoma. Twende polepole.

Neno stigmata ni la Kigiriki. Zamani lilimaanisha alama ya kuchomwa au kuchanjwa mwilini, ile ya kuonyesha mtumwa ni wa nani, kama vile wafugaji wetu wanavyochoma ng'ombe alama ili akipotea ajulikane ni wa boma gani. Paulo alilitumia mwishoni mwa barua yake kwa Wagalatia, akisema anabeba alama za Yesu mwilini. Lakini kumbuka Paulo alikuwa amepigwa viboko na kurushiwa mawe kwa sababu ya kazi yake. Alama zake zilikuwa makovu ya mtu aliyekuwa barabarani akifanya kitu.

Tunaruka zaidi ya miaka elfu moja mia moja. Septemba 1224, Mlima La Verna, Italia. Fransisko wa Asizi anafunga na kusali peke yake, kisha anaona maono: mtu mwenye mabawa sita kama serafi, amesulubiwa. Anabaki na alama mikononi, miguuni na ubavuni. Ndiye mtu wa kwanza kujulikana sana kwa jambo hili. Anakufa Oktoba 1226, na kiongozi wa ndugu zake, Elia, anatangaza habari hiyo kwa barua.

Hapa kuna kitu ambacho picha za simu hazikuambii. Waandishi wake wa kwanza wanasema Fransisko alificha. Alifunika mikono, akavaa kitu miguuni, na ndugu wachache tu ndio waliona alipokuwa hai. Hakusimama mbele ya umati akasema tazameni. Hakumwambia mgonjwa yeyote kwamba kuumwa ni cheo.

Waliotangaza ni wengine, na waliotangaza kwa nguvu zaidi ni wachoraji. Mwaka wa 1235, miaka tisa tu baada ya kifo chake, Bonaventura Berlinghieri alimchora kwa kanisa moja la mji wa Pescia: amesimama wima, mwembamba, alama zinaonekana mikononi na miguuni. Karibu na mwaka wa 1300 Giotto akachora ile picha iliyoko sasa Louvre, Paris. Itafute. Fransisko amepiga goti, Yesu yuko juu na mabawa ya serafi, na kuna mistari ya dhahabu inatoka kwa vidonda vya Yesu ikiingia moja kwa moja kwa mwili wa Fransisko, kama nyaya za stima kutoka kwa nguzo hadi kwa nyumba. Ukiona picha ya stigmata leo yenye miale inayotoka juu, hiyo ni familia ya Giotto.

Mwandishi wa kwanza wa maisha yake, Thomas wa Celano, hakueleza matundu yanayotiririka damu mikononi. Alieleza kitu cha ajabu zaidi: nyama yenyewe ilikuwa imejiunda kama vichwa vya misumari. Leo ukimwambia mtu stigmata, anaona tundu na damu. Kati ya maandishi na macho yetu kuna karne za rangi na brashi.

Na si baada tu, hata kabla. Fransisko alikuwa amesali miaka mbele ya msalaba uliochorwa, ule wa kanisa la San Damiano. Alikuwa ameona madonda yaliyopakwa rangi kabla hajapata yake. Mwaka wa 1968 wataalamu walipata Jerusalem mfupa wa mtu aliyesulubiwa enzi za Warumi, na msumari bado uko ndani. Umepita kwenye kisigino, kutoka pembeni. Misalaba ya makanisani inaonyesha msumari umepita juu ya mguu. Fransisko na Padre Pio walikuwa na alama mahali ambapo wachoraji waliweka, si mahali ambapo mfupa huo unaonyesha.

Timu ya feki, msianze kushangilia. Hiyo haithibitishi kwamba Fransisko alidanganya. Inaonyesha kwamba mtu akitazama picha moja kwa mapenzi yote kwa miaka, picha inaingia ndani yake. Ukitaka kusema ni Mungu alitumia hiyo picha, sema. Ukitaka kusema ni akili na mwili, sema pia. Hapo mimi nawaacha.

Uongo kamili nao ulikuwepo, na Kanisa lenyewe ndilo liliufichua. Lisbon, Ureno, mwaka wa 1588. Kuna mtawa anaitwa María de la Visitación, mkuu wa utawa wake, maarufu sana. Alikuwa na madonda matano. Wakubwa walimwamini, hata mwandishi mkubwa wa kiroho wa wakati huo, Luis de Granada, aliandika maisha yake kwa sifa. Kisha wachunguzi wa Inkwizisheni wakafika wakafanya kitu rahisi. Walileta maji na sabuni. Wakasugua. Madonda yakatoka. Ilikuwa rangi.

Soma tena hapo. Karne ya 16, watu wa dini, silaha yao ni sabuni. Sisi mwaka wa 2014 tulionyeshwa kwenye runinga mhubiri akiosha watu miguu na maji yakigeuka mekundu kama damu, kumbe ni pamanganeti ya duka la dawa. Tukacheka, tukatengeneza vichekesho, na bado kuna watu walirudi kanisani humo. Kwa hivyo ukiniambia kuuliza maswali ni kukosa imani, nitakuambia waliouliza maswali Lisbon walikuwa makasisi.

Padre Pio mwenyewe aliulizwa maswali na Kanisa lake kuliko atakavyowahi kuulizwa na wewe. Alama zake zilionekana Septemba 1918 huko San Giovanni Rotondo. Mwaka uliofuata madaktari wakaja kumpima, na hawakukubaliana. Mwaka wa 1920 akaja Agostino Gemelli, daktari na Mfransisko, akaondoka bila kuamini. Mwaka wa 1923 Ofisi Takatifu ya Vatican ikatangaza kwamba haikuona ushahidi wa jambo lisilo la kawaida. Kati ya 1931 na 1933 alikatazwa kusoma misa mbele ya watu. Mwaka wa 2007 mwanahistoria Sergio Luzzatto alichapisha kitabu kinachoonyesha barua za Padre Pio akiomba asidi ya kaboliki kwa siri. Wanaomtetea wanasema ilikuwa ya kusafisha sindano. Katikati ya hayo yote, mwaka wa 2002, Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu. Na kutangazwa mtakatifu si cheti cha vidonda. Kanisa linaangalia mtu aliishi vipi.

Basi aliishi vipi? Hapa ndipo nataka yule mama wa jumuiya akae chini anisikize, kwa heshima zote.

Padre Pio alijenga hospitali.

Hospitali kabisa, ya vitanda na madaktari, palepale mlimani San Giovanni Rotondo. Ilifunguliwa Mei 1956 na bado iko, kubwa kuliko ilivyoanza. Jina lake, Casa Sollievo della Sofferenza, maana yake ni Nyumba ya Kupunguza Mateso. Kupunguza! Mtu ambaye picha yake inatumiwa kumwambia shosho avumilie, pesa alizoletewa na waumini alizitumia kuhakikisha mashosho wa upande wake hawavumilii. Mateso yake aliyatolea Mungu, sawa. Mateso ya wengine aliyaitia daktari.

Fransisko naye? Alikuwa mgonjwa wa macho vibaya sana miaka yake ya mwisho, baada ya La Verna. Tayari ana alama za Yesu mwilini, tayari watu wanamwona mtakatifu. Je, alikaa akasema nimechaguliwa? Alipelekwa kwa madaktari. Matibabu ya wakati huo yalikuwa ya kutisha, alichomwa kwa chuma cha moto kwenye uso karibu na jicho, na hayakumsaidia. Lakini alienda. Mwenye stigmata wa kwanza alikuwa mgonjwa wa hospitali, kwa lugha ya leo.

Na Paulo, yule wa alama? Katika barua kwa Timotheo iliyo na jina lake kuna ushauri kuhusu tumbo na magonjwa ya mara kwa mara, na ushauri wenyewe si kuvumilia. Ni kunywa divai kidogo. Hiyo ilikuwa dawa ya enzi hizo.

Kwa hivyo hii "vumilia, Mungu amekuchagua" imetoka wapi? Maana haikutoka kwa hawa.

Mimi naona inaelekezwa kwa nani, na hapo napata jibu. Mwaka wa 1894 daktari Mfaransa, Antoine Imbert-Gourbeyre, alihesabu wenye stigmata aliowapata kwenye historia. Watu 321. Wanaume walikuwa 41 tu. Waliobaki, 280, ni wanawake. Sasa niambie, ukifunga macho ufikirie mwenye stigmata, unaona nani? Mwanaume wa ndevu. Fransisko au Padre Pio. Wanawake 280 wako wapi?

Chukua Katarina wa Siena. Pisa, mwaka wa 1375. Kasisi wake, Raymond wa Capua, anaeleza kwamba aliona miale mitano myekundu kama damu ikimjia, na Katarina akaomba papo hapo alama zisionekane nje. Miale ikageuka kuwa mwanga. Uchungu akabaki nao, alama hakuna. Huyu ni mwanamke aliyewaandikia mapapa barua za ukali, aliyehudumia wagonjwa wa Siena ambao wengine waliwakimbia. Hata yeye hakutaka kidonda chake kiwe maonyesho.

Halafu miaka ya 1470, karibu karne nzima baada ya kifo chake na tayari ni mtakatifu, Papa Sixtus IV alipiga marufuku kumchora Katarina akiwa na stigmata. Huyo papa alikuwa nani? Mfransisko, tena aliyewahi kuongoza shirika zima la Wafransisko. Katarina alikuwa upande wa Wadominiko. Wafransisko walitaka alama hizo zibaki za mtu wao peke yake. Marufuku hiyo baadaye ililegea, na karibu mwaka wa 1515 Domenico Beccafumi alimchora hapo Siena akipokea alama zake. Lakini fikiria tu hilo jambo. Mwanaume aliumwa, akapata ukuta mzima wa dhahabu. Mwanamke aliumwa, wanaume wakakaa kikao kuamua kama uchungu wake unaruhusiwa kuonekana.

Hamjaona hiyo kitu mtaani? Dem akisema tumbo la mwezi linamuua anaambiwa anajifanya. Mama akisema mgongo unauma anaambiwa wamama wote wanaumwa. Mzee akikohoa mara mbili nyumba nzima inatafuta gari. Na dini ikija juu ya hapo ikasema uchungu wako ni zawadi, umefungwa mdomo mara mbili. Hauwezi kulalamika kwa watu, na hauwezi kulalamika kwa Mungu.

Na mtu akijifunza kwamba mwili unaoteseka ni mwili mtakatifu zaidi, atasimama wapi? Katarina mwenyewe alikula kidogo sana kwa miaka mingi. Raymond anasimulia watu wakimsihi ale. Alikufa mwaka wa 1380 na miaka 33. Nampenda Katarina, lakini hiyo sehemu siwezi kuipamba. Sisi Wakenya tumepoteza haki ya kuipamba. Mwaka wa 2023 huko Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kukutana na Yesu. Sisemi jumuiya ya shosho ni Shakahola. Wale wamama ni watu wazuri, na mandazi yao nimekula. Nasema tu barabara ni ile ile, na ina mteremko. Mwanzoni kuna mtu anasema usiende hospitali bado, omba kwanza.

Najua majibu yanayokuja.

Kuna wa "wewe uliacha chuo, theolojia umesomea wapi?" Sijasomea. Lakini hospitali ya Padre Pio haihitaji digrii kuonekana, iko pale na mlango wake uko wazi. Ukiwa na digrii na hukuwahi kuitaja kwenye mahubiri, swali ni lako si langu.

Kuna wa "unapiga vita msalaba." Hapana. Shosho aliniambia usiku wa kabla ya kukatwa mguu alishika rozari na akafikiria Yesu pia aliogopa, na hofu ikapungua. Hiyo siwezi kuigusa. Kama ile picha ya mzee wa glavu ilimpa mtu wa kukaa naye gizani, Mungu aibariki picha. Kuna tofauti kati ya kumwambia mtu "hauko peke yako kwa uchungu" na kumwambia "baki kwa uchungu." Ya kwanza ni faraja. Ya pili ni amri, na mara nyingi anayeitoa ana miguu yote miwili.

Na kuna wa timu ya feki watakaosema "si ungesema tu ni uongo wote tumalize?" Kwa sababu haingemsaidia shosho. Ukimwambia mama wa miaka 74 kwamba mtakatifu wake ni tapeli, atakufungia mlango na atabaki na kidonda chake ndani. Nimejaribu hiyo njia, nilipokuwa mwaka wa kwanza na najua kila kitu. Aliniambia niende nikanywe uji.

Juzi nilimweleza habari ya ile hospitali. Alikuwa amekaa nje kwa kiti chake, magongo kando, anachambua maharagwe. Nilimwonyesha picha ya jengo kwa simu, nikamwambia hii ndiyo kazi ya mzee wako. Akaangalia muda mrefu. Kisha akauliza swali moja, bila hasira: "Na mbona hakuna mtu aliniambia?"

Sikuwa na jibu. Nimeandika hii ili swali lake liwafikie wanaopaswa kulijibu: makasisi, makatekista, viongozi wa jumuiya, na sisi tunaosambaza mikono yenye damu tukiandika vumilia chini yake.

Septemba nyingine inakuja. Wekeni picha, salini, fungeni kama mnafunga. Lakini mkimpelekea mgonjwa picha ya Padre Pio, ndani ya bahasha hiyo hiyo mtieni nauli ya hospitali.